Nachoka kuanzia asubuhi, ninunue vitamini gani ya kuleta nguvu?

Nianze na swali lenyewe maana bila kulisoma hamtanielewa. Ni la dada wa miaka 36, mama lishe, watoto watatu. Anaamka saa 10 alfajiri kuwasha jiko, analala saa 5 usiku, ratiba yake ni hiyohiyo miaka yote ila anasema uchovu wa siku hizi sio ule aliouzoea. Akipanda ngazi za ghorofa moja tu moyo unaenda mbio, akiinama kuchochea moto kichwa kinazunguka, nywele zinakatika. Rafiki yake akampeleka sehemu wanapopima kwa ile mashine ya kushika kichuma mkononi, karatasi ikatoka inasema ana upungufu wa vitamini kumi na kitu, hapohapo akauziwa kopo la elfu 85. Kashalimaliza nusu, anaona mkojo tu umekuwa wa njano kali, nguvu hazijaja. Anauliza aongeze dozi, atafute kopo lingine, au akachome zile sindano nyekundu za B12 ambazo jirani alichoma akawa mzima? Afu kule mwisho kabisa, kama mtu anayeongeza tu, akaandika kwamba tangu awekewe kitanzi hedhi inaenda siku 8, nzito, ina mabonge, na siku hizi ana hamu ya udongo na anatafuna barafu mpaka wateja wanamuuliza kama ni mjamzito, kapima hana mimba.

Dada yangu, pole sana na hongera kwa kupambana. Mimi ni mfamasia, nimekaa kaunta ya duka la dawa miaka mingi na swali la "nipe vitamini ya nguvu" naulizwa karibu kila siku. Kwako wewe jibu lipo kwenye ile sentensi uliyoiweka mwisho. Hedhi nzito ya siku 8, udongo, barafu, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, ukiyaweka pamoja hayo yananielekeza kwenye upungufu wa madini ya chuma, huenda na damu yenyewe imeshashuka. Siwezi kukwambia ndio hivo mia kwa mia kwa maandishi tu, kipimo ndicho kitasema, lakini kabla hujatoa hata shilingi kwa ajili ya kopo la pili naomba unisikilize.

Kwanza tuelewane kuhusu vitamini maana hapa ndipo watu wengi wanapoliwa hela. Vitamini haina nguvu ndani yake. Nguvu, yaani ile nishati mwili unayochoma, inatoka kwenye chakula: gramu moja ya wanga inatoa kama kalori 4, protini 4, mafuta 9. Vitamini inatoa sifuri. Kazi yake, hasa hizi za kundi B, ni kuusaidia mwili uchakate hicho chakula, B1 inasaidia kwenye wanga, B2 na B3 zinasaidia kwenye kuzalisha nishati ndani ya seli, B12 na foliki asidi zinasaidia kutengeneza damu na kadhalika. Wewe unapika utanielewa haraka: njiti moja ya kiberiti inawasha jiko, lakini pakiti nzima ya njiti haiivishi maharage kama mkaa haupo. Kwahiyo mtu ambaye kweli ana upungufu wa vitamini fulani akipewa hiyo vitamini atainuka na utaona tofauti, na mtu asiye na upungufu huo hata ukimpa mara kumi haongezeki nguvu.

Ule mkojo wa njano sio dalili kwamba dawa inafanya kazi, ni B2, jina lake raiboflavini, ina rangi ya njano yenyewe na mwili hauiweki akiba ya maana, inayozidi inatoka. Soma nyuma ya kopo lako sehemu ya asilimia za mahitaji ya siku, sitashangaa ukikuta B12 imeandikwa asilimia elfu na kitu. Afu angalia chuma. Makopo mengi ya namna hiyo chuma hamna kabisa au kipo kidogo mno kwa mtu anayepoteza damu kama wewe, na kwenye kidonge hichohicho wameweka kalsiamu ambayo inakibana hicho kidogo kisiingie vizuri. Ukiona pia wameandika "mchanganyiko maalumu" wa mimea kumi na tano bila kusema kila mmoja ni miligramu ngapi, basi jua huwezi kujua unachokunywa, na aliyekuuzia naye hajui.

Na ile mashine. Hii naomba niseme kwa sauti kubwa kabisa: hakuna kifaa cha kushika mkononi kinachoweza kupima vitamini zako. Vitamini na madini vinapimwa kwenye damu, maabara, kwa kuchomwa sindano na kutolewa damu kwenye chupa. Zile mashine zinatoa karatasi ndefu yenye rangi nyekundu na kijani na kila anayepimwa anakutwa na upungufu, na cha ajabu mwenye mashine ndiye anayeuza kopo la kutibu huo upungufu. Inaniuma kwasababu wanaoenda kule ni watu wanaoumwa kweli, kama wewe, wanatoka wameridhika kwamba wamepimwa, halafu tatizo lenyewe linakaa mwilini miezi mingine sita.

Sasa turudi kwenye chuma. Ndani ya damu kuna hemoglobini, ndiyo inayobeba oksijeni kutoka kwenye mapafu kuipeleka kwenye misuli, ubongo, moyo, kila mahali, na hemoglobini haitengenezwi bila chuma. Chuma kikipungua oksijeni inayofika inakuwa kidogo, moyo unajitahidi kufidia kwa kupiga haraka, ndiyo maana ngazi chache tu unahema. Hamu ya udongo na barafu nayo inajulikana sana kwa watu wenye upungufu wa chuma, hasa barafu, na wengi hamu hiyo inaisha wenyewe ndani ya siku au wiki chache wakianza kutibiwa. Huo udongo naomba uache hata kama mwili unaung'ang'ania, maana unaweza kushikana na chuma cha kwenye chakula tumboni kisifyonzwe, na pia unaweza kuwa na mayai ya minyoo na madini mabaya kama risasi.

Nikupe hesabu uone jinsi damu inavyokwisha taratibu bila mtu kushtuka. Mililita moja ya damu ina chuma kama nusu miligramu. Hedhi ya kawaida ni kama mililita 30 mpaka 40, ikivuka 80 ndio tunaiita nzito. Kwahiyo mwenye hedhi ya mililita 80 anapoteza miligramu 40 za chuma kila mwezi, hiyo ni zaidi ya miligramu 1 kwa siku, na bado mwili kila siku unapoteza kama miligramu 1 nyingine kwa njia za kawaida, ngozi, utumbo na nini. Wakati huohuo uwezo wa mwili kufyonza chuma kutoka kwenye chakula ni kama miligramu 1 mpaka 2 tu kwa siku. Unaona hapo? Matumizi yanazidi mapato kila siku, unakula akiba, akiba ikiisha damu inaanza kushuka. Hupimi mililita nyumbani, ila ukijaza pedi ndani ya saa moja au mbili, ukiamka usiku kubadilisha, mabonge makubwa kama sarafu, siku zaidi ya 7, hiyo ni nzito.

Kitanzi cha shaba kinajulikana kwa kuongeza wingi wa hedhi kwa baadhi ya wanawake, hiyo haimaanishi ni kibaya na wala usikimbilie kukitoa wiki hii ukabaki bila uzazi wa mpango. Rudi kwa aliyekuwekea au kliniki yoyote ya uzazi, mweleze unavyotoka. Zipo dawa za kupunguza damu ya hedhi, kipo kitanzi cha aina nyingine chenye homoni ambacho chenyewe kinapunguza hedhi, na watakufanyia ultrasaundi waangalie kama hakuna uvimbe kwenye kizazi maana faibroidi kwa wanawake wa umri wako ni nyingi sana na nazo zinamwaga damu. Hapa ndipo matibabu yenyewe yalipo, dada. Nikikupa chuma bila kuziba panapovuja tutakuwa tunajaza na kumwaga.

Vipimo: nenda kituo cha afya chenye maabara uombe FBP, yaani picha nzima ya damu. Mwanamke asiye mjamzito hemoglobini ikiwa chini ya 12 (yaani gramu kwa kila desilita ya damu) tunasema ana upungufu wa damu, mjamzito chini ya 11, mwanaume chini ya 13. Usikubali kuambiwa tu "damu ipo kidogo", omba karatasi uone namba. Karatasi hiyohiyo inaonyesha ukubwa wa chembe nyekundu, zikiwa ndogo na zimepauka daktari anashuku chuma. Kipimo cha kuangalia akiba ya chuma kinaitwa feritini, sio kila zahanati wanacho na bei yake iko juu kidogo, ukiweza kipime. Mtu mzima mwenye afya feritini ikiwa chini ya 15 (mikrogramu kwa lita) akiba imeisha, ila ukiwa na maambukizi au homa feritini inapanda kwa uongo ndo maana daktari anatakiwa aisome na hali yako.

Kuna jambo wengi hawaambiwi: mtu anaweza kuchoka kwa ukosefu wa chuma hata kabla damu haijashuka. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofanyika Ufaransa, walichukua wanawake 198 waliokuwa wanalalamika uchovu, hemoglobini yao nzuri, ila feritini iko chini ya 50. Nusu wakapewa chuma miligramu 80 kila siku kwa wiki 12, nusu wakapewa kidonge kinachofanana lakini hakina kitu. Waliopewa chuma uchovu ulipungua karibu asilimia 48. Waliopewa kidonge kitupu nao, sikiliza hapa, uchovu ulipungua karibu asilimia 29! Namba hiyo ya pili ndiyo inayoendesha biashara nzima ya makopo ya nguvu. Mtu akilipa elfu 85, akaambiwa na rafiki anayemwamini kwamba atapata nguvu, akaanza kujijali kidogo, akanywa maji, anajisikia vizuri kweli na sio kwamba anadanganya. Kwahiyo ushuhuda wa jirani siudharau, ila hautoshi kuniambia ndani ya kopo kuna nini.

Ukithibitishwa ni chuma, dawa yenyewe ni ya bei ndogo kuliko unavyofikiri. Kidonge cha feras salfeti cha miligramu 200 kina chuma chenyewe kama miligramu 65. Vile vya FEFO wanavyogawa kliniki ya wajawazito navyo vina chuma karibu miligramu 60 pamoja na foliki asidi. Zamani tulikuwa tunawaambia watu wameze mara tatu kwa siku, tumbo likawa linawasumbua, wanaacha. Siku hizi tunajua kwamba ukimeza chuma mwili unatoa homoni inayofunga mlango wa kufyonza chuma kwa muda wa kama siku nzima, na utafiti uliofanyika Uswisi 2017 kwa wanawake wenye akiba ndogo ulionyesha kumeza mara moja, siku moja ndio siku inayofuata unapumzika, chuma kinafyonzwa vizuri zaidi. Kwahiyo usione ajabu daktari akikuandikia kidonge kimoja tu kwa siku au siku moja ndiyo moja sio, sio kwamba amekubania. Kama damu iko chini sana ataamua mwenyewe utaratibu, pengine hata wa kukuwekea chuma kwa dripu.

Meza tumbo likiwa tupu kama unaweza, na juisi ya limau au chungwa au na mapera, vitamini C inasaidia chuma kuingia. Tumbo likichafuka meza na chakula kidogo, bora umeze hivyo kuliko kuacha. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Unaweza kufunga choo, kunywa maji na ule matunda. Usimeze pamoja na maziwa, kalsiamu, wala dawa za kutuliza asidi ya tumbo, achanisha kwa saa mbili. Kama ulishawahi kuambiwa una selimundu au ulishaongezewa damu mara nyingi, usianze chuma kwa kujinunulia, sema kwanza kwa daktari. Na vidonge hivyo weka juu kabisa watoto wasifike. Nasisitiza hili, vidonge vya chuma kwa mtoto mdogo ni sumu inayoua na rangi yake inawavutia wanadhani ni pipi.

Chai sasa. Najua hii itakuuma. Uliniandikia asubuhi unakunywa chai ya rangi na chapati, mchana ukishauza ndio unakula wali maharage na chai nyingine kupata nguvu. Majani ya chai yana vitu vinavyokishika chuma cha mimea tumboni, kikombe kimoja pamoja na mlo kinaweza kupunguza ufyonzaji kwa zaidi ya nusu. Sikwambii uache chai, nakwambia uisogeze, kunywa saa moja au mbili baada ya kula. Kwenye yale maharage kamulia limau, ongeza kachumbari yenye nyanya na pilipili hoho mbichi, na ukiweza tia dagaa au kipande cha nyama au samaki, maana nyama na samaki vina chuma kinachoingia kirahisi na pia vinasaidia kile cha maharage kuingia. Maini mara moja kwa wiki ni chakula kizuri mno kwa mtu kama wewe, yana chuma, yana B12 ya kumwaga, ila mjamzito asiyazidishe kwasababu ya vitamini A nyingi. Na kitu kingine dada, unalisha watu wote hao kuanzia saa 12 asubuhi halafu wewe mwenyewe mlo wa kueleweka ni saa 8 mchana. Jitolee sahani yako mapema kama unavyomtolea mteja wa kwanza.

Kuhusu vitu vyekundu, naona watu wanachanganya sana. Bitiruti, juisi ya rozela, sirapu nyekundu, wanaamini rangi inaenda kuwa damu. Bitiruti ni mzizi mzuri wa bustani kula tu, ila chuma chake hakifiki hata miligramu 1 kwa gramu 100. Mtu hemoglobini 7 anakunywa juisi ya bitiruti mwezi mzima badala ya kwenda hospitali, huyo anajiweka hatarini.

Na zile sindano nyekundu ni hadithi hiyohiyo. B12 kwa asili ni nyekundu, ina madini ya kobalti ndani yake, sio kwamba ni damu. Ni dawa nzuri sana kwa mwenye upungufu wa B12, na hao wapo: asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa kwa miaka, wazee, waliokatwa sehemu ya tumbo, wenye sukari wanaotumia metfomini muda mrefu, na wale ndugu zangu wa vidonda vya tumbo wanaomeza omeprazo miaka nenda rudi bila kurudi kwa daktari. Dalili zake ni ganzi na kuchomachoma miguuni na mikononi, ulimi kuwa mwekundu laini unauma, kusahau, kuyumba ukitembea, na damu nayo inashuka lakini chembe zinakuwa kubwa, tofauti na za chuma. Wewe unakula samaki na mayai, hujataja ganzi, na ini la mtu mzima linatunza akiba ya B12 ya miaka. Sindano haitakudhuru sana ila itakula hela na itakuchelewesha. Jirani yako labda alikuwa na upungufu wake, labda yupo kwenye ile asilimia 29.

B1 niitaje kidogo kwasababu ya sembe. Daktari mmoja Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa kisiwa cha Java miaka ya 1890, akaona kuku waliolishwa wali mweupe uliokobolewa wanaishiwa nguvu miguu mpaka hawasimami, wakirudishiwa mchele usiokobolewa wanapona. Ilikuja kujulikana kitu kilichokuwa kwenye pumba ni B1, na 1929 akapewa tuzo ya Nobel. Sembe nayo ni mahindi yaliyokobolewa, pumba na kiini vimeondoka na vitamini zake, dona imebaki nazo. Ukiweza changanya dona, au nunua unga uliowekewa virutubishi, Tanzania kanuni zake zipo toka 2011 na Kenya toka 2012, angalia kwenye mfuko wameandika nini. Ila dona ina asidi inayobana chuma kidogo, ndiyo maana uji uliochachushwa wa wazee wetu ni mzuri, uchachu unaipunguza hiyo asidi. Mwenye kunywa pombe nyingi kila siku B1 ni suala zito kwake, kwako wewe sio.

Vitamini D, wenye kufanya kazi ndani kutwa nzima au kujifunika mwili wote wanaweza kupungukiwa na inaleta maumivu ya mifupa na misuli kuwa dhaifu, wewe upo juani. Magneziamu ipo kwenye maharage, karanga na mboga za majani, unakula. Ginseng (mzizi wa dawa wa Asia) na CoQ10 (kirutubisho kinachouzwa kwa jina la nishati) ushahidi kwa mtu wa kawaida aliyechoka ni mdogo, sitakuambia utoe hela. Kriatini, kirutubisho cha misuli, inasaidia wanaonyanyua vyuma vizito jimu, sio uchovu wako huu.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vya kwenye kopo, umesema unakunywa kimoja kila siku saa 9. Chukua Red Bull ya mililita 250 kama mfano, ina kafeini miligramu 80 na sukari gramu 27, hiyo ni karibu vijiko 7 vya chai. Kafeini haikupi nguvu, inaziba ile ishara ya uchovu kwenye ubongo kwa muda, uchovu upo palepale. Na inachukua kama saa 5 ndio nusu yake itoke mwilini, kwahiyo ya saa 9 mchana saa 2 usiku bado nusu unayo, ukilala saa 5 usingizi unakuwa mwepesi na alarmu ni saa 10. Mtu mzima anahitaji walau saa 7 za usingizi, wewe unapata 5. Najua sio uvivu wala kutojipanga, biashara ya chai ya asubuhi ndivyo ilivyo, ila hakuna kidonge duniani kinachofidia saa 2 za kulala kila siku. Kama kuna uwezekano wa kuchambua maharage na kukanda ngano jioni na mtoto mkubwa akusaidie vyombo, hata nusu saa ukiiokoa ni dawa.

Madhara ya kuzidisha niyaseme maana ulitaka kuongeza dozi. B6 ikizidi kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, ganzi ileile ambayo mtu alinunua vitamini aitibu, na Ulaya mwaka 2023 walishusha kiwango cha juu cha mtu mzima mpaka miligramu 12 kwa siku wakati makopo mengine yana 50 au 100. Vitamini A ya vidonge zaidi ya uniti 10,000 kwa siku kwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Biotini (vitamini B7) ya nywele na kucha inavuruga majibu ya maabara, ya tezi shingoni na hata ya moyo, ukienda kupimwa sema kwamba unatumia. Chuma nacho kikizidi mwili hauna njia rahisi ya kukitoa. Na vile vifuko vya asali za "nguvu" ambavyo baba watoto wanaletewa, mamlaka ya dawa ya Marekani 2022 ilionya kwamba walipopima asali za namna hiyo walikuta dawa za nguvu za kiume zimefichwa ndani bila kuandikwa, mwenye presha au dawa za moyo anaweza kuanguka.

Ukienda hospitali usiishie kwenye damu tu. Waambie wapime na sukari, waangalie presha, tezi kama wanaweza, malaria kama una homa, na choo kwa ajili ya minyoo ya safura maana inanyonya damu na tiba yake ni rahisi, mara nyingi ni albendazo. Kama una kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, unakonda, useme bila kuficha. Na kama uchovu umekuja na huzuni, huna hamu ya kitu chochote, unaamka usiku unawaza, hiyo nayo ni ugonjwa na inatibika, mwambie daktari kama unavyomwambia kichwa kinauma. Ukipata maumivu ya kifua, ukazimia, au ukawa unahema ukiwa umekaa tu, usisubiri foleni ya asubuhi, nenda siku hiyohiyo.

Lile kopo lililobaki nusu, acha kwa sasa mpaka upate majibu, na usiongeze dozi. Ukianza chuma rudia kupima hemoglobini baada ya wiki 4, inatakiwa iwe imepanda walau gramu 1 mpaka 2. Ikipanda, endelea miezi mingine kama mitatu hata ukijisikia mzima, kwasababu damu inajaa kwanza halafu akiba ndio inajazwa mwisho, na wengi wanaacha katikati hapo wanarudi kwangu baada ya mwaka na swali lilelile. Isipopanda na umemeza vizuri, ujue bado unavuja sehemu au chuma hakiingii, rudi na karatasi zote mbili umuonyeshe daktari. Andika pia tarehe za hedhi na idadi ya pedi kwa siku kwenye simu kuanzia mzunguko huu, ndicho kitu cha kwanza kliniki ya uzazi watakuuliza.